Ruzuku ya TASAF na Kalenda ya Mtoto Mdogo: Tathmini ya Muuguzi Mstaafu

Kwa miaka 22 nilifanya kazi ya uuguzi katika zahanati ya kijiji mkoani Dodoma, na katika miaka saba ya mwisho kabla ya kustaafu, meza yangu ya kliniki ya watoto ilikuwa na karatasi mbili zilizomhusu mtoto yuleyule lakini zilizozihesabu siku zake kwa namna mbili tofauti. Ya kwanza ilikuwa kadi ya kliniki, ambayo humhesabia mtoto umri kwa wiki na baadaye kwa miezi: chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua rubela ya miezi 9 na ya miezi 18, na uzito wa kila mwezi ukitiwa nukta kwenye mchoro wenye rangi ya kijani, kijivu na nyekundu. Ya pili ilikuwa fomu ya mahudhurio ya walengwa wa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaosimamiwa na TASAF, na fomu hiyo ilihesabu vipindi vya malipo, kila kipindi miezi miwili. Nimezijaza karatasi zote mbili kwa mkono wangu, na swali ninalotumia kuipima huduma hii ni moja: je, msaada huu humfikia mtoto mdogo kwa kufuata kalenda yake, au mtoto ndiye anayetakiwa kuifuata kalenda ya ofisi?

Niseme mapema kwamba ninaiona huduma hii kuwa njema na kwamba siwaungi mkono wanaotaka iondolewe. Wanaosema fedha hizi huwafundisha watu uvivu sijawaona wakikaa hata asubuhi moja kwenye benchi la zahanati wakati wa masika, mama amebeba mtoto mgongoni, ametembea saa mbili kwenye tope, na nyumbani ameacha shamba la mtama lisilopaliliwa. Mapungufu nitakayoyaeleza ni ya huduma ambayo ningependa ibaki na iwe bora.

Kwa wasioijua vizuri, TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ulianzishwa mwaka 2000, na katika awamu zake mbili za kwanza ulijulikana zaidi kwa miradi ya vijiji kama madarasa, zahanati na visima. Wazo la kuzipa kaya maskini fedha mkononi kwa masharti ya afya na elimu lilijaribiwa kuanzia mwaka 2010 katika vijiji vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, na jaribio hilo lilifanywa kwa uangalifu unaostahili sifa, kwa kuwa vijiji 40 vilivyopata fedha vililinganishwa na vijiji vingine 40 ambavyo havikuwa vimepata. Wengi wanakumbuka habari ya mahudhurio ya kliniki na shule, lakini mimi nilivutiwa na matokeo mengine: kaya zilizopata fedha zilijiunga zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani bima ya afya ya kaya, na watoto wao walinunuliwa viatu. Chamwino ni jirani zetu, na habari ya viatu hivyo ilitufikia kabla ya mpango wenyewe kutufikia. Awamu ya tatu, iliyoanza mwaka 2012, ndiyo iliyoueneza mpango huo nchini hadi kuzifikia kaya zaidi ya milioni moja, na kipindi chake cha pili kilizinduliwa Februari 2020.

Viwango nitakavyovitaja ni vya kipindi cha kwanza, kwa sababu ndivyo nilivyowaona kina mama wakivihesabu mbele ya meza yangu. Kaya ilipata ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi, na shilingi 4,000 nyingine ikiwa ina mtoto aliye chini ya miaka 18. Juu ya hizo kulikuwa na shilingi 4,000 za sharti la afya kwa kaya yenye mtoto aliye chini ya miaka mitano, na halafu fedha za wanafunzi, kuanzia shilingi 2,000 kwa kila mtoto wa shule ya msingi, ambaye alitakiwa kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Mama mwenye watoto wadogo tu, ambao hawajaanza shule, alifikia shilingi 18,000 kwa mwezi, na kwa kuwa malipo yalikuwa ya miezi miwili miwili, alishika shilingi 36,000 kwa mkupuo mmoja.

Watu wa mjini huuliza shilingi 36,000 zinamsaidia mtu nini. Kwanza, uandikishaji wa Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na mama asiyeuza ng'ombe wala alizeti hana mahali pengine pa kukutana na shilingi 30,000 zikiwa pamoja. Mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali, lakini mama yake akiugua baada ya muda wa uzazi kupita, hulipa kama mtu mwingine yeyote, na mama asiyetibiwa hana nguvu za kunyonyesha wala kupika uji mara nne kwa siku. Pili, katika mkoa wetu mvua ni za msimu mmoja, ghala huanza kuonyesha sakafu Januari, na mavuno hayaji hadi Mei. Miezi hiyo ndiyo ambayo nilikuwa naona nukta za uzito zikishuka kadi baada ya kadi, na ndiyo ambayo karanga na mafuta kidogo kwenye uji wa mtoto huonekana mzanini.

Eneo ambalo ninalipa sifa bila kusita ni lile ambalo wauguzi wenzangu wote watalitambua. Kabla ya mpango, mama wengi walikuwa wakimleta mtoto hadi sindano ya surua ya miezi tisa, kisha hawaonekani tena. Kwao kliniki ilikuwa ni chanjo, na baada ya chanjo kubwa kwisha hawakuona sababu ya kutembea ili mtoto aning'inizwe kwenye mzani na kurudishwa. Lakini kati ya miezi tisa na miaka miwili ndipo maziwa ya mama hayatoshi peke yake, ndipo mtoto anapotambaa na kula udongo, na ndipo udumavu unapojengeka bila kelele. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ikilinganishwa na 34 katika utafiti wa 2015 na 2016, na hakuna mtoto katika hao aliyedumaa kwa siku moja. Sharti la mpango la kumleta mtoto wa chini ya miaka miwili kila mwezi liliwarudisha kina mama wale waliokuwa wakitupotea. Nilikuwa nikimvalisha mtoto kaptula ya kitambaa, namtundika kwenye ndoano, nasubiri aache kurusha miguu ili mshale utulie, natia nukta kwa kalamu, na mara ya kwanza katika miaka mingi nilikuwa na mstari usiokatika kutoka miezi tisa hadi ishirini na minne. Mstari usiokatika humwezesha muuguzi kuona kwamba mtoto ameanza kusimama uzito mwezi mmoja kabla hajaanza kupungua, na mwezi huo mmoja ni mkubwa sana.

Hapo hapo, hata hivyo, ndipo nilipoanza kuona tofauti ya karatasi zangu mbili. Fomu ya mpango iliuliza kama mtoto ameletwa au hakuletwa. Haikuwa na nafasi ya kuandika kwamba mstari wake umelala kwa miezi mitatu. Mama ambaye mtoto wake alikuwa kwenye kijani na mama ambaye mtoto wake alikuwa ameingia nyekundu walipewa alama ileile, wakalipwa kiasi kilekile, na kama mimi sikumtuma yule wa pili kituo cha afya kwa nguvu ya mdomo wangu tu, mpango haukuwa na namna ya kujua. Ninaelewa kwa nini fomu iliwekwa rahisi, kwa kuwa wanaoijaza ni wauguzi wawili wenye foleni ya watoto sitini, lakini safu moja tu ya rangi ya kadi ingetosha kuifanya iwe na maana kubwa zaidi kwa afya ya mtoto.

Jambo lililonisumbua kwa muda mrefu kuliko yote ni lile la mapacha, na ninaomba msomaji anivumilie nilieleze kwa kirefu. Zile shilingi 4,000 za mtoto aliye chini ya miaka mitano zilikuwa za kaya. Mama mwenye mtoto mmoja alizipata, na mama mwenye mapacha wachanga pamoja na kaka yao wa miaka mitatu alizipata hizo hizo, ingawa mwanafunzi wa shule ya msingi alihesabiwa kichwa kwa kichwa hadi watoto wanne, na wa sekondari naye alihesabiwa kichwa kwa kichwa. Yaani kadiri mtoto alivyokuwa mdogo na mwenye kuhitaji zaidi, ndivyo hesabu ilivyozidi kumsahau. Nimewahi kumpima pacha mmoja huku mwenzake akinyonya, kisha nikabadilisha, na mama akaniuliza kwa upole kama kadi ya pili nayo inaingia kwenye fomu. Ilibidi nimwambie kwamba inaingia kwa ajili ya masharti lakini haiingii kwa ajili ya malipo, kwa sababu wote wawili walitakiwa kuletwa kliniki ili zile shilingi 4,000 moja zitoke. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na ikiwa amejifungua mtoto zaidi ya mmoja humpa siku 100. Mtunga sheria wa mama wa ofisini alikumbuka kwamba mapacha ni wawili, na sioni ugumu wa kumkumbuka pia mama wa Chamwino au wa Kibaha.

Kasoro hii si ya Tanzania peke yake. Nchini Kenya, msaada wa Inua Jamii kwa kaya zinazolea yatima na watoto walio katika mazingira magumu, ulioanza kwa majaribio mwaka 2004, umelipwa kwa muda mrefu kwa kiwango kimoja cha shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa kaya, iwe na mtoto mmoja au sita.

Kasoro nyingine ni ya mlango. Kaya huingia mpangoni kwa awamu za uandikishaji: mkutano wa kijiji hutaja kaya zilizo maskini zaidi, waandikishaji hupita na dodoso, hesabu hufanywa, na orodha hurudi kijijini kuthibitishwa. Ninaupenda utaratibu wa mkutano, kwa sababu wanakijiji wanajua nani analala na njaa kuliko mtu yeyote aliyeko Dodoma mjini. Lakini orodha ikishafungwa, imefungwa, na msichana aliyeanzisha kaya yake na kujifungua mwezi mmoja baada ya waandikishaji kuondoka atasubiri hadi warudi. Kwa mzee wa miaka 70, kusubiri miaka miwili au mitatu ni shida kubwa. Kwa mtoto aliyezaliwa wiki iliyopita, ni utoto wake wote wa maana kwa lishe. Ndiyo maana huwa ninasema kwamba mpango unaomlenga mtoto mdogo hauwezi kuwa na msimu wa kuandikisha, kama vile wodi ya wazazi isivyokuwa na msimu wa kupokea.

Nimekuwa nikisoma habari za Afrika Kusini kwa sababu hii. Ruzuku yao ya kumlea mtoto ilianza Aprili 1998 kwa randi 100 kwa mwezi kwa watoto walio chini ya miaka saba, umri ukapandishwa hatua kwa hatua hadi miaka 18, na mwaka 2025 kiwango kilikuwa randi 560. Inalipwa kwa kila mtoto. Mzazi mwenye kipato kidogo huenda ofisi ya wakala wa serikali wa ruzuku, SASSA, akaomba baada ya mtoto kuzaliwa, bila kusubiri mkutano wala dodoso, na tarehe za malipo hutangazwa mapema, wazee wakitangulia, watu wenye ulemavu wakifuata, na ruzuku za watoto zikija baada yao mwanzoni mwa mwezi. Sisemi kwamba huko mambo yamekamilika, kwa kuwa kiasi hicho bado kiko chini ya mstari wa umaskini wa chakula wa nchi yao wenyewe, na wao hulipa kwa kodi za uchumi mkubwa wakati mpango wetu umetegemea kwa sehemu kubwa mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Ila kutangaza tarehe hakugharimu kodi nyingi, na tarehe ndiyo niliyoona kina mama wakiihitaji kuliko nyongeza.

Hilo nimelithibitisha ndani ya ukoo wangu. Binti wa kaka yangu ana watoto wawili, mmoja wa miaka mitatu na mwingine aliyekuwa na miezi saba wakati ninaozungumzia, na yeye hulipwa kwa simu, kama walengwa wengi wa siku hizi. Ninakubali kwamba malipo ya simu yameondoa mengi mabaya: hakuna tena kushinda juani kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji kusubiri gari la fedha, na hakuna jirani anayekuona umepokea na kuja kudai deni siku hiyo hiyo. Pia kina mama waliokuwa hawana namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, walilazimika kuitafuta ili laini zisajiliwe kwa majina yao wenyewe, na laini yenye jina la mama ina maana kubwa katika nyumba ambayo mume hunywa. Lakini ujumbe wa fedha ulipoingia, binti yule alipanda bodaboda kwa shilingi 3,000 hadi kwa wakala mmoja wa fedha aliyeko kwenye gulio, akaambiwa floti, yaani fedha za wakala za kuwalipa wateja, imekwisha, arudi Jumatano. Jumatano akarudi kwa nauli nyingine, akapewa nusu. Alikuja kwangu amekaa upande mmoja wa kiti kama mgeni, mtoto amelala begani, akasema, “Shangazi, hela ipo kwenye simu, naiona, ila uji siwezi kuupika kwa simu.” Tulipomtoa mtoto kwenye kanga na kumlaza, nilimshika mkono juu ya kiwiko, kwa mazoea ya kazi, na vidole vyangu viwili vilikaribia kukutana.

Wakala yule simlaumu sana, kwa sababu mtaji wake ni mdogo na siku ya malipo watu themanini humjia kwa wakati mmoja. Ninachokiona ni kwamba siku hiyo haikutazamwa kutoka upande wa mpokeaji. Kama tarehe ingekuwa inajulikana mwezi mzima kabla, wakala angejipanga na floti, mama angepanga siku moja ya kliniki na ya kutoa fedha kwa nauli moja, na mwenye duka angekubali kumkopesha unga kwa uhakika wa tarehe ya kulipwa. Nauli mbili za kwenda na kurudi zilimla binti wa kaka yangu shilingi 12,000, sawa na miezi mitatu ya ile ruzuku ya sharti la afya niliyokuwa nikiiwekea alama kwenye fomu.

Kuhusu ajira za muda za mpango huu, ambazo kwa viwango vya kwanza zililipa shilingi 2,300 kwa siku kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka, sina mengi. Zimejenga mabwawa na barabara ambazo mimi mwenyewe napita. Kwa mama mwenye mtoto mchanga ambaye ndiye mtu mzima pekee nyumbani, hazina msaada mkubwa, kwa sababu hana wa kumtuma bwawani wala wa kumwachia mtoto.

Kwa mama anayesoma haya na ambaye waandikishaji wanatarajiwa kijijini kwake, nina maneno machache ya kazi. Nenda na kadi ya kliniki ya kila mtoto, si ya mkubwa tu. Kama mtoto hana cheti cha kuzaliwa, kiulizie zahanati au ofisi ya kata, kwani kwa aliye chini ya miaka mitano cheti cha kwanza hutolewa bila malipo. Mtoto akizaliwa baada ya kaya yako kuandikishwa, usisubiri mkutano ujao: ipelekee kamati ya jamii ya mpango kijijini kwako taarifa na udai kwamba imeandikwa mbele yako. Hakikisha laini ya simu itakayopokea fedha ni yako kwa jina na kwa alama ya kidole. Na kama umejaliwa mapacha, peleka kadi mbili na usimame hapo hadi uone majina mawili yameandikwa, hata ukiambiwa kwamba malipo ni yaleyale, kwa sababu siku watakapoanza kumhesabu kila mtoto, wataanzia na majina yaliyomo kwenye orodha.